Kutolewa damu kwa ajili ya vipimo: mambo ya kujua kabla, wakati na baada

Maswali kuhusu kutolewa damu hutufikia mara kwa mara katika vipindi vyetu vya afya. Wapo wanaouliza kwa nini mtu mwenye upungufu wa damu atolewe damu nyingine. Wapo wanaouliza damu inayobaki inapelekwa wapi. Na wapo wanaosema wazi kwamba waliandikiwa kipimo, wakaogopa sindano, wakarudi nyumbani bila kupima.

Huyo wa mwisho ndiye anayetutia wasiwasi zaidi. Homa inayotibiwa bila kupimwa inaweza kuwa si malaria kabisa, na ugonjwa wenyewe ukaendelea. Mama mjamzito mwenye kaswende anaweza asihisi maumivu yoyote, huku mtoto aliye tumboni akiwa hatarini kufa kabla ya kuzaliwa. Kipimo cha damu kinaonyesha hilo mapema, na dawa ipo. Ndiyo maana tumeandaa makala hii. Tunaeleza hatua kwa hatua kinachotokea, kiasi cha damu kinachochukuliwa, haki zako, na dalili za kuangalia ukisharudi nyumbani. Mifano yetu inatoka katika vituo vya huduma za afya vya Tanzania, kuanzia zahanati hadi hospitali ya wilaya.

Njia mbili za kuchukua damu

Njia ya kwanza ni kutobolewa kidole. Mhudumu anafuta ncha ya kidole kwa spiriti, mara nyingi kidole cha pete au cha kati, anakiacha kikauke, kisha anatoboa pembeni kidogo kwa kisindano kifupi. Linatoka tone moja au mawili. Njia hii hutumika kwa kipimo cha haraka cha malaria, kipimo cha haraka cha Virusi vya UKIMWI, kaswende, sukari na wingi wa damu. Ndiyo utakayokutana nayo zaidi kwenye zahanati. Kwa watoto wachanga hutobolewa kisigino badala ya kidole, kwa sababu kidole chao ni chembamba mno.

Njia ya pili ni kuchukua damu kwenye mshipa, mara nyingi kwenye mkunjo wa kiwiko. Hii hutumika pale kipimo kinapohitaji damu zaidi ya matone: picha kamili ya damu, utendaji wa figo na ini, mafuta kwenye damu, kundi la damu, au wingi wa virusi kwa mtu anayetumia dawa za kufubaza Virusi vya UKIMWI. Mara nyingi njia hii hutumika kwenye kituo cha afya au hospitali yenye maabara kubwa zaidi. Wakati mwingine damu inachukuliwa kwenye kituo chako na kusafirishwa kwenda kupimwa kwingine.

Ni damu kiasi gani?

Mtu mzima ana wastani wa lita 5 za damu mwilini. Ukitaka picha yake, fikiria dumu dogo la mafuta ya kula la lita 5. Kichupa kimoja cha kipimo huchukua kati ya mililita 2 na 10, na vingi huchukua mililita 4 au 5. Mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Kwa hiyo hata ukichukuliwa vichupa vitatu, umetoa vijiko vitatu vya chai kutoka kwenye dumu la lita 5. Mwili unarudisha kiasi hicho bila wewe kuhisi lolote.

Hilo linajibu swali la mwenye upungufu wa damu. Kijiko cha chai hakiwezi kuongeza tatizo lake, lakini bila hicho kijiko mganga hajui upungufu ni mkubwa kiasi gani wala umetokana na nini. Inaweza kuwa lishe yenye madini chuma kidogo, minyoo, malaria ya mara kwa mara, hedhi nzito au selimundu. Kila kimoja kina tiba yake.

Watoto wachanga ni suala tofauti kidogo. Mtoto wa kilo 3 ana damu ya takriban robo lita tu, hivyo wahudumu huchukua kiasi kidogo sana kwake. Mama anayeishi na VVU ataona mtoto wake anachukuliwa matone machache kwenye karatasi maalumu, kwa kawaida akiwa na umri wa wiki 6. Karatasi hiyo hukaushwa na kupelekwa maabara kubwa. Usikose tarehe hiyo, kwa sababu mtoto aliyeambukizwa anahitaji kuanza dawa mapema.

Kwa nini vichupa vina vifuniko vya rangi tofauti?

Rangi hazina uhusiano na ukubwa wa ugonjwa wako. Zinamwelekeza mtaalamu wa maabara kichupa kina nini ndani. Chenye kifuniko cha zambarau kina dawa ya kuzuia damu isigande, na hutumika kwa picha kamili ya damu. Chenye kifuniko chekundu huruhusu damu igande ili yachukuliwe majimaji yake ya juu. Cha kijivu huhifadhi sukari isibadilike kabla ya kupimwa. Cha bluu hutumika kupima namna damu inavyoganda. Ndiyo maana unaweza kuchukuliwa vichupa viwili au vitatu kwa siku moja: damu ya kichupa kimoja haiwezi kutumika kwa kila kipimo.

Kabla ya kwenda

Ulizia kama kipimo chako kinahitaji kukaa bila kula. Vipimo vingi havihitaji. Malaria, VVU, wingi wa damu na kundi la damu unaweza kupimwa hata kama umetoka kula sasa hivi. Kipimo cha sukari ya asubuhi kabla ya kula kinahitaji saa 8 bila chakula, na kipimo cha mafuta kwenye damu mara nyingi huhitaji saa 9 hadi 12. Kwa mfano, ukila chakula cha usiku saa 2, usile tena hadi utolewe damu saa 2 asubuhi. Chai nayo ni marufuku, hata isiyo na sukari. Maji ya kawaida yanaruhusiwa, na ni vizuri kunywa, kwa sababu mshipa wa mtu aliyekunywa maji huonekana kwa urahisi.

Kama una kisukari na unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, usikae na njaa kwa uamuzi wako mwenyewe. Muulize mganga kwanza ufanyeje na dozi ya asubuhi, na ubebe chakula cha kula mara tu damu ikishachukuliwa.

Usiache dawa zako nyingine kwa sababu ya kipimo isipokuwa umeelekezwa hivyo. Hii inahusu dawa za presha, za kifafa na za kufubaza virusi. Zibebe au uandike majina yake.

Vaa nguo yenye mikono inayopandishwa kwa urahisi. Beba kadi ya kliniki au cheti cha matibabu. Kama unatembea umbali mrefu, ondoka mapema wakati jua halijawa kali, na kama kipimo hakizuii, kula kitu kabla ya kuondoka. Aliyefunga saumu amwambie mhudumu, kwa sababu tumbo tupu na kiu huongeza uwezekano wa kizunguzungu. Suala la saumu yenyewe ni la kumuuliza sheikh wako.

Wakati wa kutolewa damu

Kwanza utaulizwa jina lako. Taja majina yako kamili wewe mwenyewe, usiitikie tu jina lililosomwa. Katika kijiji kimoja wanaweza kuwepo watu watatu wenye majina mawili yanayofanana, na majibu yakibadilishana mtu anaweza kupewa dawa isiyo yake.

Huu ndio wakati wa kumwambia mhudumu mambo haya:

- kama uliwahi kuzimia ulipoona damu au sindano;
- kama unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, kama vile warfarin au aspirini;
- kama una tatizo la damu kutoganda haraka;
- kama uliwahi kufanyiwa upasuaji wa titi, au una mshipa uliotengenezwa kwa ajili ya kusafisha damu kwa mashine, ili atumie mkono mwingine;
- kama spiriti, gundi ya plasta au mpira wa glovu hukudhuru ngozi.

Kisha utakaa kwenye kiti au kulala, mkono ukiwa umenyooshwa. Mhudumu anafunga mkanda wa mpira juu ya kiwiko ili mshipa utokeze. Utahisi umebanwa. Hautakiwi kukaa umefungwa zaidi ya dakika 1 hivi. Ukianza kufa ganzi, sema. Anaweza kukuomba ukunje ngumi.

Anafuta ngozi kwa spiriti na kuiacha ikauke. Usipulize wala kugusa tena sehemu hiyo. Sindano inapoingia utahisi mchomo mkali wa muda mfupi, kisha maumivu hupungua. Ukihisi kama shoti ya umeme inayoshuka hadi vidoleni, sema mara moja: sindano inaweza kuwa imegusa mshipa wa fahamu na inapaswa kutolewa. Kwa kawaida shughuli nzima haimalizi dakika 5.

Kama hupendi kuona damu, geuza uso. Hakuna atakayekucheka. Hema taratibu, au zungumza na aliyekusindikiza.

Usishtuke ukiona damu kwenye kichupa ina rangi nyekundu iliyokolea, karibu na rangi ya zambarau. Watu wengine hudhani hiyo ni damu chafu. Sivyo. Damu ya mshipani inarudi kwenye moyo na mapafu ikiwa imeshaacha sehemu ya oksijeni yake mwilini, ndiyo maana rangi yake inakolea. Ni hivyo kwa mtu mwenye afya njema pia.

Wakati mwingine mshipa haupatikani mara ya kwanza, hasa kwa mtu aliyeishiwa maji mwilini, mwenye mwili mnene, mzee au mtoto. Hilo si lazima liwe uzembe. Lakini ikishindikana mara mbili, una haki ya kuomba kwa upole aitwe mwenzake ajaribu.

Sindano ikitoka utapewa pamba. Ibonyeze sawasawa kwa dakika 2 au 3, au hadi dakika 5 na zaidi kama unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi. Mkono uwe umenyooka. Wengi hukunja kiwiko, lakini kukunja huruhusu damu kuvuja chini ya ngozi na kuacha alama. Usisugue.

Kabla hujaondoka, angalia kichupa chako kimeandikwa jina lako. Kinatakiwa kuandikwa hapohapo, ukiwa bado umekaa.

Sindano ni salama?

Hofu ya kuambukizwa ugonjwa kwa sindano ina msingi, kwa sababu sindano iliyotumika kwa mtu mwingine kweli inaweza kuambukiza VVU na homa ya ini. Kwa hiyo angalia mambo matatu. Sindano, au kisindano cha kidole, kitolewe kwenye pakiti iliyofungwa mbele yako. Mhudumu anawe au atakase mikono na kuvaa glovu. Baada ya kutumika, sindano iingie moja kwa moja kwenye sanduku la usalama, lile boksi gumu la kutupia vitu vyenye ncha kali.

Kama hukuona pakiti ikifunguliwa, uliza: "Naomba nione sindano mpya." Hilo si dharau, na mhudumu anayejua kazi yake hatakasirika. Sindano mpya iliyofunguliwa mbele yako haiwezi kukuambukiza VVU.

Je, damu yangu itauzwa?

Hadithi za mumiani zimesimuliwa Afrika Mashariki tangu enzi za ukoloni, na bado zipo vijijini. Tunaona ni bora tulijibu swali hili kwa hesabu kuliko kumcheka anayeuliza.

Mfuko mmoja wa damu ya kuongezewa mgonjwa una takriban mililita 450. Kwa vichupa vya mililita 5, ungehitaji vichupa 90 kuujaza, na vitoke kwa watu 90 wenye makundi tofauti ya damu. Kuzichanganya damu hizo na kumwekea mgonjwa kunaweza kumuua. Isitoshe, vichupa vya vipimo havikutengenezwa kuhifadhi damu ya kuongezewa mtu. Damu iliyoingia kwenye kichupa cha kipimo haina matumizi mengine zaidi ya kupimwa. Inayobaki huhesabiwa kuwa taka hatarishi na kuteketezwa.

Kuchangia damu ni jambo jingine kabisa. Huko unatoa hizo mililita 450 kwa hiari yako, baada ya kuulizwa maswali na kupimwa uzito na wingi wa damu. Nchini Tanzania kazi hiyo husimamiwa na Mpango wa Taifa wa Damu Salama. Mchangiaji anatakiwa awe na umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito wa kuanzia kilo 50. Mwanaume anaweza kurudia baada ya miezi 3, na mwanamke baada ya miezi 4. Damu hiyo hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende kabla ya kupewa mgonjwa. Ukiombwa kuchangia, utaambiwa wazi. Haifanyiki kwa siri wakati umekuja kupima malaria.

Mama mjamzito

Katika hudhurio la kwanza la kliniki, mama hupimwa wingi wa damu, VVU, kaswende, malaria na kundi la damu. Wingi wa damu ukiwa chini ya gramu 11 kwa desilita, mama anahesabiwa kuwa na upungufu na anahitaji matibabu kabla ya siku ya kujifungua. Mama anayeingia leba akiwa na damu kidogo anaweza kupoteza maisha kwa kutokwa damu ambayo mwingine angeihimili. Baba naye anashauriwa kupima, kwa sababu mama akitibiwa kaswende peke yake, anaweza kuambukizwa upya nyumbani.

Baada ya kutolewa damu

Kaa dakika 5 hadi 10 kabla ya kuondoka. Ukisikia jasho jembamba, kichefuchefu au macho kuingia giza, usijikaze. Lala chini, miguu iinuliwe, au kaa uinamishe kichwa kati ya magoti. Mwambie mhudumu. Hali hiyo huisha ndani ya dakika chache. Usipande baiskeli wala pikipiki hadi kichwa kitulie.

Kunywa maji na ule kama ulikuwa hujala. Kwa saa chache, usinyanyue ndoo ya maji, gunia wala jembe kwa mkono ule. Alama ya damu iliyovilia chini ya ngozi inaweza kutokea. Itabadilika rangi na kuisha ndani ya wiki moja au mbili. Kitambaa cha maji baridi husaidia siku ya kwanza. Usipake kinyesi cha ng'ombe, majivu wala dawa ya meno kwenye tundu la sindano, kwa maana unaweza kuingiza vijidudu.

Rudi kituoni ukiona moja ya haya:

- damu haikomi baada ya kubonyeza kwa dakika 10;
- uvimbe unaendelea kukua au unauma sana;
- mkono unakufa ganzi au kupoteza nguvu, na hali haiishi;
- sehemu ya sindano inakuwa nyekundu na ya moto, inatoa usaha, au unapata homa.

Majibu

Kabla ya kuondoka uliza maswali mawili: majibu yatatoka lini, na nitayapataje? Kipimo cha haraka cha malaria huchukua dakika 15 hadi 20. Damu iliyosafirishwa kwenda hospitali nyingine inaweza kuchukua siku kadhaa au wiki. Acha namba ya simu inayopatikana. Kama unatumia simu ya jirani au ya ndugu, sema ili wasije wakamweleza yeye habari zako.

Ukiitwa kutoa damu tena, usifikiri wameficha jambo baya. Mara nyingi damu iliganda kwenye kichupa, chembe zake zilipasuka njiani, ilikuwa kidogo, au jina halikusomeka.

Omba uelezwe majibu kwa lugha unayoielewa. Karatasi yenye namba pekee haikusaidii. Kipimo cha kwanza cha VVU kikionyesha maambukizi, lazima kithibitishwe kwa kipimo kingine kabla hujapewa jibu la mwisho. Majibu hayo ni siri yako. Mhudumu haruhusiwi kuyatangaza kwa majirani.

Haki zako, kwa ufupi

Una haki ya kuambiwa unapimwa nini na kwa sababu gani, na ya kukataa baada ya kuelezwa faida na madhara ya kukataa. Una haki ya faragha. Kwa sera ya Tanzania, mama mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 5 hawatakiwi kulipia huduma katika vituo vya umma. Kipimo chochote unachotozwa kiwe na stakabadhi.

Ukiwa na malalamiko, anza na mganga mfawidhi wa kituo. Usiporidhika, nenda kwenye kamati ya kituo, ambayo ina wajumbe kutoka kwenye jamii yako, au kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Ukiombwa rushwa, namba ya TAKUKURU ni 113, na kupiga ni bure.

Msomaji wetu, kama una karatasi ya kipimo iliyokaa ndani tangu wiki iliyopita kwa sababu ya hofu, irudishe kituoni. Nenda na mtu unayemwamini, mwambie mhudumu kwamba unaogopa sindano, na uombe ulale wakati wa kutolewa. Na kama nyumbani kuna mzee asiyesoma, tunakuomba umsomee makala hii kabla hajaenda kupima.